Fuata Koleo: Jinsi ya Kuiandaa Kliniki ya Meno kwa Ukaguzi Dar es Salaam

Kabla hujafungua faili la leseni, nenda kabatini uchukue koleo moja la kung'olea magego. Koleo lolote. Kisha uliza: liliingia kinywani mwa nani mara ya mwisho, nani aliliosha, lilitakaswa lini, na kuna ushahidi gani kwamba joto lilifika mpaka ndani ya pakiti? Kliniki inayoweza kujibu maswali hayo kwa kila koleo lililomo kabatini imeshamaliza sehemu kubwa ya maandalizi ya ukaguzi. Isiyoweza bado ina kazi, hata kama ukuta wa mapokezi umejaa vyeti.

Nawaandikia wamiliki, waganga wafawidhi na wasaidizi wa kliniki binafsi za meno hapa Dar, hasa zile ndogo zilizopanga fremu za barabarani, kuanzia Mbagala mpaka Tegeta. Hospitali kubwa ina mtu anayelipwa kusimamia ubora. Kwenye fremu kuna daktari, msaidizi na dada wa mapokezi, basi. Lakini mgonjwa anayeketi kwenye kiti chao ana haki ileile ya kutoka salama kama aliyekwenda Muhimbili.

Hatua ya 1: Panga karatasi, umalizane nazo

Sehemu hii huogopwa kuliko inavyostahili. Kliniki binafsi husajiliwa Wizara ya Afya kupitia Bodi ya Ushauri wa Hospitali Binafsi. Madaktari wa meno na matabibu wa kinywa na meno wako chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika, kwa sheria ya mwaka 2017, na wauguzi wako chini ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Ukiwa na mashine ya eksirei, unahitaji leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC. Dawa na vifaa tiba ni eneo la Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, iliyoitwa TFDA mpaka 2019. OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, wanasajili mahali pa kazi, na Zimamoto wanakagua usalama wa moto. Ukihudumia wanachama wa bima ya afya ya taifa, NHIF, nao wana wakaguzi wao. Wageni utakaowaona mara nyingi zaidi, hata hivyo, ni timu ya Mganga Mkuu wa Manispaa, na humo mara nyingi huwamo mratibu wa huduma za kinywa na meno, mtu anayejua kazi hii kama unavyoijua wewe.

Weka kila kitu kwenye faili moja. Ukurasa wa mbele uwe na jedwali: jina la leseni, tarehe ya kuisha, na mfanyakazi anayeifuatilia. Anza kushughulikia leseni miezi mitatu kabla haijaisha, kwa sababu foleni na mifumo ya mtandaoni haijali kwamba leseni yako inaisha Ijumaa.

Kuna jambo moja kwenye karatasi ambalo nalichukulia kwa uzito wa pekee. Utakuta leseni ya daktari imetundikwa ukutani, jina zuri, namba halali, lakini anayeng'oa na kuziba meno kutwa nzima ni mtu mwingine asiye na sifa hiyo. Daktari mwenyewe hupita jioni, au hapiti kabisa. Usiliite hilo kasoro ya karatasi. Mgonjwa amedanganywa kuhusu ni nani aliyemwingizia sindano mdomoni. Kama ndivyo kliniki yako inavyoendeshwa, anza kurekebisha hapo kabla ya kusoma mstari mwingine.

Kumbukumbu za wagonjwa zikae kwenye kabati lenye kufuli au kompyuta yenye nywila, na kitabu cha MTUHA (mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya) cha kinywa na meno kijazwe siku hiyohiyo, si mwisho wa mwezi kwa kukisia. Picha za “kabla na baada” mnazorusha Instagram zinahitaji ridhaa ya maandishi ya mgonjwa: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya zimo miongoni mwa zile zinazolindwa kwa nguvu zaidi.

Hatua ya 2: Fuata koleo

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi.

Koleo likitoka kinywani lina damu na mate. Safari yake iwe ya njia moja: kutoka upande mchafu kwenda upande safi, bila kurudi nyuma. Kwenye fremu ndogo huna vyumba viwili, lakini unaweza kuwa na meza ndefu yenye mstari wa rangi: kushoto vichafu vinapokelewa na kuoshwa, katikati vinakaushwa na kupakiwa, kulia ipo otoklevu, yaani mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke, na mlango wa kabati la vilivyo tayari. Mkaguzi makini atasimama kwenye mstari huo na kumwambia msaidizi, “Dada, hebu nionyeshe unavyofanya tangu mgonjwa anaposhuka kwenye kiti.” Hapo daktari anyamaze. Msaidizi akieleza mwenyewe, kwa mikono yake, ukaguzi unakwenda vizuri. Akigeuka kumtazama daktari kabla ya kila jibu, mkaguzi ameshaona alichotaka kuona.

Kuosha ni muhimu kuliko watu wengi wanavyodhani. Mvuke hauwezi kutakasa damu iliyoganda kwenye meno ya koleo. Vifaa visikauke na damu. Viloweke kwenye maji yenye sabuni maalumu ya vifaa, visuguliwe kwa brashi chini ya maji ili yasirukeruke, visuuzwe na vikaushwe. Msaidizi avae glavu nene, zile za mpira mzito zinazofika karibu na kiwiko, siyo glavu za kumhudumia mgonjwa ambazo probu, kile chombo chenye ncha kali cha kuchunguzia meno, inazipenya kirahisi. Avae pia miwani au ngao ya uso na aproni ya plastiki.

Kuhusu ndoo ya JIK: Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2016, halishauri kuloweka vifaa kwenye klorini kabla ya kuviosha. Damu huidhoofisha klorini, nayo klorini hula chuma. Lakini ndoo hiyo imezoeleka sana nchini na huenda ukaikuta kwenye orodha ya anayekukagua. Ukiitumia, itumie sawasawa: JIK ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa maji sehemu sita, inakupa asilimia 0.5, dakika kumi, zisizidi, changanya upya kila siku na uandike tarehe kwenye ndoo. Ndoo iliyokaa tangu juzi haina kazi yoyote.

Sasa otoklevu. Nyuzi 121 kwa dakika 30 kwa vifaa vilivyopakiwa, au nyuzi 134 kwa dakika tatu hadi nne kwa mashine zenye pampu ya kuvuta hewa. Muda huo unahesabiwa tangu joto lilipofikia kiwango, siyo tangu ulipobonyeza kitufe. Zile otoklevu za mtindo wa sufuria, zisizovuta hewa, hazifai kwa vitu vyenye tundu ndani kama hendipisi (kile kishikio kinachozungusha kichimbio cha meno), kwa sababu hewa iliyonaswa ndani inauzuia mvuke usipite. Na hendipisi lazima itakaswe kila baada ya mgonjwa. Kuipangusa kwa pamba yenye spiriti hakutoshi, kwani inapoacha kuzunguka huvuta mate na damu ndani yake. Najua ni ghali. Kliniki yenye hendipisi mbili na wagonjwa kumi na tano kwa siku haiwezi kufanya hivyo hata ikitaka, kwa hiyo bajeti ya hendipisi za ziada itangulie ile ya televisheni ya mapokezi.

Usipakie mpaka pakiti zibanane. Vyombo vyenye bawaba, kama koleo na mkasi, vipakiwe vikiwa wazi. Tumia maji yaliyokenekwa. Maji ya visima vya Dar yana chumvi, na utando mweupe ndani ya otoklevu ndio dalili ya kwanza kwamba mashine inakufa.

Ushahidi uko wa aina tatu na mkaguzi ataulizia zote. Kwanza, rekodi ya kila mzunguko: tarehe, saa, joto, presha, dakika, na saini. Pili, utepe unaobadilika rangi juu ya pakiti, pamoja na kiashiria cha ndani. Utepe wa nje ukiwa na mistari myeusi unakuambia tu kwamba pakiti imepita kwenye joto. Haukuambii kwamba kilichomo ndani kimetakasika. Tatu, kipimo cha vijidudu, angalau mara moja kwa wiki: kichupa chenye vijimbegu vya bakteria Geobacillus stearothermophilus, walio wagumu sana kufa kwa mvuke. Hiki cha tatu kliniki nyingi hazina, nacho ndicho cha uhakika kuliko vyote.

Umeme ukikatika katikati ya mzunguko, mzunguko huo umekufa. Usiseme “ulishafika dakika ishirini.” Rudia kuanzia mwanzo, na uandike kwenye rejista kwamba ulikatika. Rejista ya Dar isiyo na hata siku moja ya umeme kukatika huzaa maswali, kwa sababu kila anayeisoma anaishi mji huuhuu.

Pakiti ikitoka iwe imekauka. Pakiti yenye unyevu si safi tena, na joto la hapa pwani likichanganyika na unyevu wa masika ni hatari kwa karatasi hizo. Iandikwe, kwa mfano: “12/8, mzunguko wa 2”, na herufi za jina la aliyetakasa. Ihifadhiwe kwenye kabati lenye mlango, mbali na sinki. Ifunguliwe mbele ya mgonjwa. Namba ya mzunguko ikiandikwa pia kwenye faili la mgonjwa, umeweza kuliunganisha koleo na mtu, na maswali ya mwanzo yote yamejibiwa.

Hatua ya 3: Maji, upepo na kiti

Mabomba membamba ndani ya kiti cha meno huota utando wa bakteria haraka, hasa maji yanapokaa usiku kucha. Kiwango kinachotumika sana kimataifa ni bakteria wasiozidi 500 kwa mililita moja, sawa na maji ya kunywa. Asubuhi fungua maji kwenye kila bomba dakika mbili kabla ya mgonjwa wa kwanza, na sekunde 20 hadi 30 baada ya kila mgonjwa. Kama kiti chako kina chupa yake ya maji, usiijaze kwa maji ya simtanki yasiyotibiwa. Simtanki ioshwe kwa ratiba, na kompresa, mashine inayosukuma hewa kwenye kiti, itolewe maji chini kila jioni.

Sehemu zinazoguswa kwa glavu zenye mate, yaani vishikio vya taa, vitufe na mrija wa kunyonyea, zifunikwe kwa plastiki inayobadilishwa au zipanguswe kila baada ya mgonjwa. Sinki la kunawia mikono liwe tofauti na la kuoshea vifaa. Hili huzikwamisha kliniki nyingi za fremu, kwa hiyo zungumza na mwenye nyumba kuhusu bomba la pili kabla hujasaini mkataba wa pango.

Hatua ya 4: Ganzi na sindano

Kichupa kimoja cha ganzi ni cha mgonjwa mmoja. Kilichobaki kinatupwa. Daktari anapovuta bomba la sindano nyuma kuangalia kama ameingia kwenye mshipa, damu kidogo inaweza kuingia kichupani hata asiione, na kukibadilishia sindano mpya hakuondoi damu hiyo. Anayekitumia kwa mgonjwa wa pili ili kuokoa fedha anamuuzia mtu virusi vya homa ya ini. Siwezi kulisema kwa upole zaidi.

Muwe na mizani. Ganzi ya lidokaini ya asilimia 2 kwenye kichupa cha mililita 1.8 ina miligramu 36. Mtoto wa kilo 15, kwa kipimo cha miligramu 4.4 kwa kilo, mwisho wake ni miligramu 66, yaani hata vichupa viwili havifiki. Uzito wa mtoto uandikwe kwenye faili kabla ya sindano.

Kisanduku cha dharura kiwe mahali ambapo hata dada wa mapokezi anapajua: adrenalini, oksijeni yenye barakoa, sukari ya kunywa, aspirini, salbutamoli ya kuvuta, na kipima presha. Andika orodha yenye tarehe za kuisha na uikague kila mwezi. Nimeona visanduku vizuri sana vyenye adrenalini iliyoisha muda mwaka uliotangulia.

Sindano isirudishiwe kifuniko kwa mikono miwili. Kiweke kifuniko mezani, kichote kwa ncha ya sindano kwa mkono mmoja. Mtu akijichoma: aoshe kwa maji yanayotiririka na sabuni bila kukamua, atoe taarifa palepale, na afike CTC, kliniki ya huduma za VVU, mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72. Dawa za kinga dhidi ya VVU humezwa kwa siku 28. Hatari ya kupata VVU kwa kuchomwa ni takriban watu 3 kati ya 1,000, lakini ya homa ya ini B, kwa asiyechanjwa, inaweza kufika asilimia 30. Kwa hiyo kila anayegusa vifaa, akiwemo mfanya usafi, apate chanjo ya homa ya ini B dozi tatu, na kadi yake iwe kwenye faili. Mara nyingi daktari amechanjwa na mama wa usafi hajachanjwa, ilhali ndiye anayebeba mifuko.

Hatua ya 5: Taka

Nyeusi au bluu ni taka za kawaida, njano ni zenye maambukizi, nyekundu ni zenye maambukizi makali. Ncha kali zote, pamoja na vichupa vya ganzi na bari (vichimbio vya meno) zilizochakaa, huenda kwenye sefti boksi, na ikifika robo tatu inafungwa. Isimwagwe itumike tena.

Vijana wa mkokoteni wanaopita asubuhi wasipewe chochote isipokuwa taka za kawaida. Taka zenye maambukizi zinahitaji mkataba na hospitali yenye tanuri la kuchomea au kampuni yenye kibali, na hati ya kila safari ikieleza uzito na tarehe. Mkataba bila hati hizo hauthibitishi kitu. Mpaka siku ya kuchukuliwa, mifuko ikae kwenye chombo chenye kufuli kilichoinuliwa sakafuni. Mvua za masika zimewahi kuingia kwenye fremu nyingi za mji huu.

Jino lililong'olewa likiwa na zibiko la fedha, yaani amalgamu yenye zebaki, lisiende kwenye tanuri, kwani zebaki itapanda hewani na moshi. Lihifadhiwe kando pamoja na mabaki ya amalgamu kwenye chupa yenye mfuniko usiopitisha hewa. Tanzania imo katika Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, na nchi wanachama zilikubaliana mwaka 2022 kutotumia amalgamu kwa watoto chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa daktari aone ni lazima.

Hatua ya 6: Eksirei

Leseni ya TAEC iwe hai, alama ya mionzi iwe mlangoni, na kila anayepiga picha avae kipima mionzi chake mwenyewe. Kipima mionzi cha pamoja kinachozungushwa kati ya watu hakisemi lolote kuhusu mtu yeyote. Kikomo cha mionzi kwa mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka, na cha mtu wa kawaida ni 1, ndiyo maana ukuta unaopakana na duka la jirani unamhusu mkaguzi. Simama nyuma ya kinga, au umbali wa mita mbili pembeni ya mwelekeo wa mionzi. Msaidizi asishike filamu mdomoni mwa mgonjwa hata siku moja, nunueni kishikio. Aproni ya madini ya risasi, inayokinga mionzi, itundikwe, isikunjwe, maana ikikunjwa inapasuka ndani na hutaona.

Hatua ya 7: Siku wanapokuja

Omba vitambulisho kwa adabu na andika majina kwenye kitabu cha wageni. Maliza mgonjwa uliyenaye. Mkaguzi mwenye busara hatakuzuia. Mtu mmoja tu aongozane nao, na awe na kalamu. Usichokijua sema hukijui, kisha mwite anayehusika. Rejista isijazwe mbele yao wala usiku wa kuamkia: wino uleule na mwandiko uleule kwa wiki sita mfululizo hujionyesha wenyewe, na rejista ya kughushi ni kosa baya kuliko rejista yenye mapengo.

Ada au faini yoyote hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali na risiti, haishikwi mkononi. Ukiombwa vinginevyo, namba ya TAKUKURU ni 113 na simu ni ya bure.

Kabla hawajaondoka, omba wakusomee kasoro walizoziona mpaka uelewe kila moja na muda uliopewa. Jioni hiyohiyo ketini wote, mama wa usafi akiwemo, mgawane: kasoro, anayeirekebisha, tarehe. Yale yanayomgusa mgonjwa moja kwa moja yasisubiri muda uliotolewa. Kama otoklevu imeonekana haifiki joto, simamisheni kung'oa meno kesho asubuhi mpaka fundi aje na kipimo cha vijidudu kirudi kikiwa safi. Tarehe ikikaribia, peleka barua ya utekelezaji yenye picha na risiti za fundi, igongwe muhuri wa kupokelewa, na nakala iingie kwenye faili.